Mwalimu wa Kiingereza Uchina: Mwenye lugha ni nani?

Mtu anayeingia Soko la Burma kutoka Barabara ya Jogoo hukutana kwanza na nyama iliyotundikwa mabuchani, kisha hukutana na lugha. Muuzaji mmoja humwamkua mteja kwa Kiswahili, akapiga bei kwa Kikamba, akamkemea kijana wa mkokoteni kwa Sheng na kuhesabu chenji kwa Kiingereza, yote hayo kabla ya kisu kufika mfupani. Hakuna anayemwuliza kama alizaliwa na lugha hizo. Wateja huangalia tu kama anaeleweka na kama mizani yake ni ya haki.

Jina la soko lenyewe linatukumbusha safari ya mbali. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa King's African Rifles walipelekwa Burma, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika Bonde la Kabaw hadi ikavuka mto Chindwin. Askari hao walitoka makabila mengi na walielewana kwa Kiswahili cha jeshini, ambacho wanaisimu wamezoea kukiita KiKAR. Sarufi yake ilikuwa na mapengo mengi, lakini amri zilifika na watu waliokolewa kwayo.

Leo vijana wa Eastlands wanaelekea tena mashariki, safari hii wakiwa na chaki badala ya bunduki. Mmoja wao, mzaliwa wa Makongeni ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu, alifundisha Kiingereza miaka miwili katika mji mmoja wa Uchina. Aliporudi tuliketi Burma kwenye sinia ya nyama choma, akanieleza maisha yake huko. Nayaandika hapa kwa sababu walimu wengi wanaosoma safu hii wana ndugu au wanafunzi wanaoifikiria safari hiyo.

Darasa lake, alisema, lilikuwa na watoto wapatao hamsini. Alipoingia walisimama wote na kumwamkua kwa pamoja, "Laoshi hao", yaani salamu, mwalimu. Neno hilo "laoshi" lina heshima ambayo mwalimu wa Kenya angetamani kuisikia katika ofisi za mwajiri wake. Kila siku kulikuwa na kipindi kifupi cha watoto kufumba macho na kuyakanda kwa vidole ili kuyapumzisha. Baada ya chakula cha mchana shule nzima ililala. Maji yalinywewa ya moto, hata wakati wa joto, na kila mwalimu alibeba chupa yake.

Sokoni ndiko alikofundishwa yeye. Katika Kichina, silabi "mai" ikitamkwa kwa toni ya tatu maana yake ni kununua, na ikitamkwa kwa toni ya nne ni kuuza. Mara kadhaa alimtangazia mama wa mboga kwamba amekuja kumwuzia kabichi. Mama huyo alicheka, akamrudisha kwenye toni mpaka akaipata. Kwa bahati lugha ya nyumbani kwao ni Kijaluo, nacho kina toni, kwa hiyo sikio lake halikuanza na karatasi tupu.

Ujuzi huo ulimfaa darasani. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kuonyesha wakati uliopita, wala nomino za kawaida hazibadiliki kuonyesha wingi. Mtoto wa Kichina akidondosha viambishi vya Kiingereza, si mvivu. Anafuata mantiki ya lugha yake. Mwalimu wetu aliliona hilo upesi, kwani naye alijifunza Kiingereza dawatini, akitokea katika lugha nyingine. Alijua mahali penye mwiba kwa kuwa aliwahi kupakanyaga.

Hata hivyo mwajiri wake, shule ya binafsi ambayo sitaitaja, alimtaka awaambie wazazi kwamba anatoka Marekani. Alikataa. Mwenzake kutoka bara la Ulaya, ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, alilipwa zaidi na picha yake ikabandikwa langoni. Isitoshe, kijana wetu alikuwa ameingizwa nchini kwa viza ya biashara, na kila aliposikia kwamba wakaguzi wanapita alitolewa darasani kwa mlango wa nyuma. Mkataba ulipokwisha haukufanywa upya.

Msomaji atauliza, sheria inasemaje? Utaratibu wa vibali vya kazi uliounganishwa nchini Uchina mwaka 2017 unataka mwalimu wa lugha ya kigeni, kwa kawaida, afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada na awe na uzoefu. Kwa Kiingereza, mazoea yamekuwa kuwatambua raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo, ingawa mtoto wetu husomeshwa hisabati na sayansi kwa Kiingereza miaka mingi kabla ya kuingia chuo kikuu. Na sheria ya uingiaji na utokaji iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 inamtoza anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anaweza kuzuiliwa siku 5 hadi 15.

Lakini tusiwalaumu Wachina peke yao. Wazo la kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho lilipewa nguvu za kitaalamu hapa hapa Afrika Mashariki, katika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola uliofanyika Makerere mwaka 1961. Miongo mitatu baadaye, mwaka 1992, Robert Phillipson alilichambua wazo hilo na kulihesabu miongoni mwa itikadi potofu tano zilizotokana na mkutano huo. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: ualimu ni kazi ya kufunzwa, hauletwi na maziwa ya mama. Anayezungumza lugha bila kuwahi kujiuliza inavyofanya kazi hawezi, kwa sababu hiyo pekee, kuifafanua kwa mwingine.

Na hapa, ndugu walimu, tujiangalie sisi wenyewe, maana nyani haoni kundule. Ni mara ngapi tumesikia katika vyumba vya walimu kwamba Kiswahili ni cha watu wa pwani, na kwamba mtoto wa Shauri Moyo au Kaloleni hawezi kukimudu kwa sababu kinywa chake kimeharibiwa na Sheng? Ni mara ngapi mwalimu wa Kiswahili aliyetoka bara ameulizwa, kwa dharau, alikitoa wapi? Tunalalamika kwamba pasipoti imetangulizwa mbele ya ujuzi, ilhali sisi tunatanguliza mahali pa kuzaliwa. Mizani tunayoidai ugenini hatujaiweka nyumbani.

Kwa vijana wanaotaka kwenda nina maneno matatu. Kwanza, usisafiri kufundisha kwa viza ya utalii, ya biashara au ya masomo. Dai viza ya kazi, ile ya herufi Z, na kibali chenye jina la mwajiri wako halisi. Wakala akikwambia utabadilishiwa karatasi ukishafika, rudi nyumbani. Pili, ukifika, jiandikishe polisi katika saa 24 kama sheria inavyotaka, na usimpe mtu pasipoti yako akuhifadhie. Tatu, usikubali kuitwa raia wa nchi nyingine. Uongo huo humnufaisha mwajiri, lakini adhabu yake hubebwa na mwalimu.

Kuna pia mlango ambao tunaupita bila kuubisha. Kiswahili kimefundishwa katika vyuo vya Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Radio Peking ilianza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1961. Huko mzaliwa wa Afrika Mashariki ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye lugha. Upande wetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005, na vijana wetu wanajifunza Kichina humo. Lakini ni wanafunzi wangapi wa isimu tunaowaandaa kwa makusudi kufundisha Kiswahili kwa wageni, wakiwa na mbinu, vitabu na mazoezi ya kazi hiyo? Mtu anaweza kuhitimu Kiswahili kwa alama za juu bila kuwahi kumweleza mgeni kwa nini tunasema "kiti kimevunjika" na "meza imevunjika".

Vyuo vya ualimu na idara za Kiswahili zinaweza kuanzisha somo hilo bila kungoja tume. Na wakati wa kuwachagua wanafunzi wake, asiachwe nje kijana wa Makongeni kwa sababu ya mahali alipozaliwa.