Nani Ailindaye Risiti ya Mkulima?

Mchuuzi wa Tarime ateremshapo mikungu yake ya ndizi sokoni, humjia mtu mwenye mashine ndogo mkononi. Mashine hubonyezwa mara tatu nne, na kipande cha karatasi hutoka. Karatasi hiyo mara nyingi hutupwa hata kabla ya jua kutua, nayo ndiyo ushahidi pekee kwamba shilingi iliyotoka mkononi mwa mchuuzi imeingia katika mfuko wa umma, wala haikuingia katika mfuko wa suruali ya mtu.

Mkusanya ushuru twamjua vema, kwa sababu twagombana naye kila siku. Diwani twamjua, na Mkurugenzi twamjua. Lakini yupo mtumishi mwingine, ambaye mashine ile isingetamka neno pasipo yeye, na huyo hatumjui. Ni afisa TEHAMA, yaani mtumishi wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano katika halmashauri. Wilaya ya Tarime ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Jirani zao wa Serengeti wana yao Mugumu. Katika zote kitengo hiki kipo, na kwa macho ya wengi kazi yake ni kuchomoa karatasi iliyokwama katika printa.

Basi tuitazame kazi yenyewe. Tangu mwaka 2017 malipo ya Serikali yalianza kupita katika mfumo mmoja wa kielektroniki, ambamo mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu na kuipeleka benki au kulipa kwa simu. Mapato ya halmashauri yana mfumo wake uitwao TAUSI, uliochukua mahali pa ule wa zamani. Matumizi yana MUSE. Ununuzi una NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Zahanati na vituo vya afya vina GoTHOMIS. Mfumo mmoja ukikwama, simu humlilia mtu mmoja: mhasibu amesahau neno la siri, mganga hapati orodha ya dawa, afisa ununuzi anasema zabuni inafungwa leo saa kumi. Na wote kwa pamoja humwambia neno lile lile, "Mtandao unasumbua," kana kwamba mtandao ni mtoto mtundu aliyemleta yeye kazini.

Lakini uzito wa kazi hii hauko ofisini. Uko kule sokoni. Mashine ya kukusanyia ushuru, ile iitwayo POS, huweza kutoa risiti hata mahali pasipo mawimbi ya simu. Kumbukumbu hubaki ndani yake mpaka ipate mtandao, ndipo huzipeleka katika hesabu kuu. Hapo ndipo penye hatari. Mashine ikizimwa, au ikifungiwa kabatini, au ikisemwa kwamba "imeharibika", fedha imekwisha kukusanywa na risiti imekwisha kutolewa, lakini hesabu kuu haijui lolote. Mchuuzi amelipa, halmashauri haijapata. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia, mwaka baada ya mwaka, kutaja halmashauri nchini ambamo fedha za mashine hizi hazikupelekwa benki, na mashine zilizokaa nje ya mtandao kwa muda mrefu.

Nani wa kwanza kuiona mashine iliyonyamaza? Ni afisa TEHAMA. Kwenye kioo chake anaona ipi ilizungumza leo, ipi haijazungumza tangu wiki mbili zilizopita, na imesajiliwa kwa jina la nani. Huyu si fundi wa karatasi tena. Ni mlinzi wa lango.

Na kinacholindwa si kidogo. Sheria huitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Shilingi inayopotea ndani ya mashine iliyozimwa haipungui kwa Mkurugenzi. Yampungukia mama wa Nyamongo anayeomba mtaji wa kuuza samaki, na kijana wa Mugumu anayetaka kununua cherehani.

Wapo watakaosema kwamba mitambo ikinunuliwa, mambo yatajinyoosha yenyewe. Nchi hii ilikwisha kuonja dawa hiyo. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zikatiwa ndani ya mashine wakati wananchi waliosomea kuiendesha walikuwa wachache mno, kazi ikategemea wageni, na mambo yakaharibika kiasi kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu. Chombo kilikuwapo, aliyekosekana ni mtu.

Mtu huyo leo yupo, amesoma, tena ni kijana wetu. Swali ni jinsi tunavyomweka. Nchi ya Tarime ni ya milima, na jirani ya Ziwa radi hazina masihara. Msimu wa mvua ngurumo moja yaweza kuunguza ruta. Umeme hukatika, betri za akiba huchoka. Toka Mugumu mjini hadi vijiji vinavyopakana na hifadhi ni safari, na barabara wakati wa masika kila mtu azijua. Mashine ikinyamaza huko, afisa hana budi kuifuata. Asipopewa gari wala mafuta ataifuata kwa nini? Ataandika katika daftari kwamba imenyamaza, na daftari nalo litanyamaza.

Kuna jambo zito kuliko radi. Mkubwa asiye na muda humpa karani wake neno la siri ili amwidhinishie malipo. Mkusanya ushuru huomba muamala ufutwe, akidai alikosea tarakimu. Wengine husema kweli. Lakini afisa TEHAMA aliye na cheo kidogo, akimkatalia mtu mwenye cheo kikubwa, anasimama peke yake. Sheria ya Serikali Mtandao, Namba 10 ya mwaka 2019, ipo. Ila sheria haikai naye chumbani mlango unapofungwa na sauti ikapandishwa. Kwa maoni yetu, ombi la kufuta muamala lisipokelewe kwa mdomo hata likitoka kwa nani. Liandikwe, litiwe sahihi, na nakala yake imfikie mkaguzi wa ndani siku ile ile.

Na madiwani, wanaposomewa taarifa ya mapato ya robo mwaka, wasiishie kuuliza jumla. Waulize mashine ngapi zimegawiwa, ngapi zilizungumza juzi, na zile zilizonyamaza ziko mikononi mwa nani. Majibu afisa TEHAMA anayo tayari. Aitwe kikaoni ayasome mwenyewe.