Kuvunjika ugoko: Neno ‘mguu’ linavyomgharimu mkulima wa Bukene

MKULIMA wa Bukene, wilayani Nzega, akivunjika mfupa wa chini ya goti, ndugu hufikiria kwanza usafiri wa kumfikisha kituo cha afya. Kisha hufikiria fedha. Jambo la tatu, ambalo mara nyingi ndilo linaloamua nani atalipa fedha hizo, halimjii mtu akilini: karatasi yake imeandikwa nini.

Tatizo linaanza na lugha. Kwa Kiswahili mguu ni kuanzia nyongani hadi vidoleni. Mgonjwa anasema “nimevunjika mguu”, na anayemwandika asipouliza zaidi, ndivyo inavyobaki kitabuni. Mfuko wa bima hauwezi kulipa kwa maneno hayo. Unataka msimbo kutoka orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), maarufu kama ICD. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, paja lililovunjika ni S72, mguu wa chini pamoja na kifundo ni S82, na unyayo ni S92. Aliyeandikiwa “mguu umevunjika” tu huangukia T12, kapu la mivunjiko ambayo sehemu yake haikutajwa.

Ndani ya S82 nako kuna tofauti. Ugoko ukivunjika karibu na goti ni S82.1, katikati ni S82.2, na chini kuelekea kifundo ni S82.3. Tarakimu ya mwisho inaonyesha kama ngozi ilibaki nzima (0) au ilipasuka hadi kwenye mfupa (1). Hapo ndipo penye fedha. Kwa mbele ugoko umefunikwa na ngozi tu, hauna nyama ya kuukinga, hivyo mfupa ukikatika hutoboa nje kwa urahisi. Mvunjiko wa namna hiyo hautoshi kufungwa hogo. Unahitaji kusafishwa katika chumba cha upasuaji, dawa za kuua vijidudu, sindano ya pepopunda, na mara nyingi vyuma vya kushikilia mfupa kwa nje. Mhakiki wa madai akikuta S82.20 kwenye fomu iliyojaa gharama za upasuaji ana kila sababu ya kuuliza, na huenda akakata. Hasara hiyo hukipata kituo kwanza. Lakini mapato ya bima ndiyo yanayosaidia kununua dawa na vifaa, kwa hiyo atakayekuja na mguu wake mwezi unaofuata atakuta kabati tupu.

Toleo la 11 la orodha lilianza kutumika rasmi Januari 2022, na nchi zinahamia kwa hatua. Namba zake ni tofauti, ila maswali ni yale yale: mguu wa kulia au wa kushoto, mfupa gani, sehemu gani, ngozi imepasuka au la, na nini kilisababisha.

Swali la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Chanzo cha ajali nacho kina msimbo wake. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na pikipiki ni V02. Aliyepigwa teke na maksai wakati wa kulima ni W55. Kwa mganga anayefunga hogo, mifupa hiyo miwili ni sawa. Kwa mfuko wa familia hailingani hata kidogo. Wa maksai hana wa kumdai. Wa pikipiki anaye, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka mwenye chombo awe na bima ya kufidia watu wengine. Lakini njia ya kufikia fidia hiyo inapitia fomu ya polisi, PF3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. PF3 ikisema bodaboda, na kitabu cha kituo kikasema “ameanguka”, wakili wa upande wa pili hahitaji hoja nyingine.

Mfanyakazi aliyeajiriwa, kwa mfano kwenye kinu cha kuchambua pamba, ana mlango wa ziada: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi. Hata hivyo, karatasi lazima ionyeshe kwamba aliumia akiwa kazini.

Wapo wanaokwenda kwa waunga mifupa wa jadi, na si kwamba wote hawajui kazi. Lakini kwa kawaida kule hakuna picha ya eksirei wala jalada, na miezi mitatu baadaye mfupa ukiwa umekaa upande, hakuna cha kuonyesha ulivunjikaje.

Wilaya hii si ngeni kwa bima. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza kwa majaribio Igunga, jirani tu, mwaka 1996, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kadri malipo yanavyopita kwenye fomu, ndivyo uandishi unavyokuwa sehemu ya tiba. Mgonjwa anayetoka Bukene kwa rufaa kwenda Nzega, kisha Kitete mjini Tabora, anaandikwa upya kila mahali. Jina likitofautiana na lililo kwenye kadi, kazi inaanza upya.

Kwa mtu mzima, ugoko huchukua takriban miezi minne hadi mitano kuunga, na uliotoboa ngozi huchukua zaidi. Aliyeumia Desemba amepoteza msimu. Mkulima hana hati ya mshahara, hivyo kipato alichokosa huthibitishwa kwa stakabadhi za pamba kutoka AMCOS, risiti za mpunga, malipo ya vibarua waliolima badala yake, na cheti cha daktari kinachotaja muda ambao hakuweza kufanya kazi.

Kuna kinachoharibu yote hayo: makubaliano ya haraka kwa mtendaji wa kijiji. Mwenye pikipiki anatoa fedha kidogo za matibabu, majeruhi anatia saini kwamba hana madai tena, na hogo bado halijakauka. Kiwango cha ulemavu hupimwa baada ya mfupa kuunga, au baada ya kuonekana umeshindwa kuunga. Anayetaka kupatana mapema anaweza kupokea fedha hizo, mradi karatasi iandikwe kuwa ni za matibabu ya awali tu.