Ziwa Edouard: mpaka hauonekani majini, lakini mvuvi anaulipa

Jua likianza kuzama nyuma ya milima ya Lubero, wavuvi wa Kyavinyonge wanasukuma mitumbwi yao majini. Nyavu ziko mbele, mota nyuma, kidumu cha mafuta katikati. Watazitega gizani, na kabla ya mapambazuko watazivuta. Ndiyo kazi ya kila siku. Lakini wengi wao wanaondoka bila chombo chochote cha kuwaonyesha mahali Congo inapoishia na mahali Uganda inapoanzia. Mpaka uko, ila usiku hakuna anayeuona, na mchana pia hakuna.

Asubuhi ndipo hesabu inafanyika. Mtumbwi ambao haukurudi, watu wa pembeni ya ziwa wanajiuliza mambo mawili tu: upepo, ao askari wa Uganda? Na mara nyingi jibu ni la pili. Wavuvi wamekamatwa, wamepelekwa upande wa Katwe, mota imechukuliwa, nyavu zimechukuliwa. Kisha familia inaanza kuchanga pesa.

Habari hizi zimerudiwa mara nyingi katika Kivu ya Kaskazini hata wasikilizaji wa radio wamezizoea. Kila mara mashirika ya raia yanatoa tangazo, viongozi wanasafiri hadi Kasindi kuzungumza na wenzao, wavuvi kadhaa wanaachiliwa, na baada ya wiki chache wengine wanakamatwa. Kwa nini watu wanarudi kwenye maji ambayo yanawapeleka gerezani?

Mpaka wenyewe si kitendawili kama wengi wanavyofikiri. Uliandikwa na Waingereza na Wabelgiji katika mapatano ya 1915, na kwenye ziwa ni mstari ulionyooka: unatoka mdomo wa mto Ishasha, kusini, unakatisha maji hadi mdomo wa mto Lubilia, kaskazini. Ziwa lote lina kilomita za mraba karibu 2,300, na sehemu kubwa, karibu asilimia 70, iko upande wa Congo. Kwa hiyo tuliopewa maji mengi ni sisi. Hata hivyo ni wavuvi wetu ndio wanaokamatwa ng'ambo kwa wingi.

Ukitazama karata utaona sababu moja mara moja. Vituo vya uvuvi vinavyokubaliwa na sheria upande wa Congo ni vitatu tu: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Nyakakoma iko kusini, karibu na mahali mpaka unapoingia majini. Kyavinyonge iko kaskazini, si mbali na mahali unapotokea. Mvuvi wa vituo hivyo viwili hahitaji kwenda mbali ili avuke. Akiwasha mota kidogo tu na kuelekea mashariki, amekwisha kuingia nchi nyingine. Na nyavu zikikatika usiku, zinasukumwa na maji bila kuonyesha pasi. Mwenye nyavu anazifuata kwa sababu ni mkopo ambao bado hajaulipa.

Sababu ya pili iko chini ya maji. Ziwa Edouard ni kama sahani iliyoinama. Upande wa magharibi, chini ya milima, kina kinashuka haraka hadi zaidi ya mita 110. Upande wa mashariki, kuelekea Uganda, sakafu ya ziwa inapanda polepole, na maji ni ya kina kifupi kwa eneo kubwa. Tilapia, samaki anayetafutwa zaidi sokoni, anapenda maji hayo mafupi. Dume anachimba kiota chake kwenye mchanga ao tope karibu na ukingo. Jike anabeba mayai na watoto ndani ya kinywa mpaka waweze kujitegemea. Samaki wa namna hiyo huwezi kumfuata katikati ya shimo la mita mia moja. Utamfuata pale anapozalia.

Upande wa Congo pia kuna maji mafupi: kwenye ghuba, kwenye vinywa vya mito, kusini kuelekea Vitshumbi. Hayo ndiyo mazalio, na sheria inakataza kuvua humo. Sehemu yote ya ziwa iliyo ndani ya Congo ni ya mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kazi ya uvuvi imeachwa kwa kooperative ya wavuvi, COPEVI, chini ya masharti: vituo vitatu, idadi ya mitumbwi yenye kikomo, nyavu zenye matundu makubwa, mazalio yasiguswe.

Kwenye karatasi mpango huo ni mzuri. Majini umevunjika zamani. Kando ya ukingo wa magharibi, Kamandi, Lunyasenge na vijiji vingine vilikua vituo vya uvuvi bila ruhusa ya mbuga, na leo vina masoko, makanisa na shule. Vita vimewatoa watu mashambani katika Lubero na Rutshuru. Kijana aliyepoteza shamba hawezi kungoja miezi minne mahindi yakomae. Samaki wanampa pesa kesho yake asubuhi. Akikosa pesa ya nyavu nzuri, anatumia nyavu za matundu madogo, ao hata chandarua cha mbu, na anatega kwenye ghuba kwa sababu mtumbwi wake hauna mota ya kumfikisha mbali. Anavuta samaki wa ukubwa wa vidole.

Hata wenye silaha walikuja kuchuma. Kwa miaka mingi wavuvi wamelalamika kuhusu jetoni: kipande cha karatasi unachonunua kila juma kwa kundi linaloshika sehemu fulani ya ukingo, ili likuache utege. Makundi ya Mai-Mai yamefanya hivyo, na wavuvi wamewashitaki pia watu wanaovaa sare ya serikali. Mvuvi mmoja anaweza kulipa kooperative, akalipa ushuru wa serikali, kisha akanunua jetoni. Aliyelipa mara tatu hataki kusikia kwamba ghuba hii ni mazalio. Amekwisha kuinunua. Hivyo kila sehemu nzuri ya maji ina wenyewe watatu ao wanne, na hakuna hata mmoja anayeilinda.

Kisha kuna habari ya viboko, ambayo wazee wa Vitshumbi wanaieleza vizuri kuliko vitabu. Kiboko anakula majani usiku nchi kavu na kuacha mavi majini mchana, na mavi hayo yanalisha vijidudu na mimea ambayo samaki wadogo wanakula. Katikati ya miaka ya 1970 mbuga ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000. Kufikia mwaka 2005 walikuwa chini ya 1,000. Waliuawa kwa risasi, kwa ajili ya nyama na meno, na askari pamoja na makundi ya kila rangi. Anayeshangaa mbona samaki wamepungua, aanzie hapo.

Uganda haikuwa na bahati tu. Kwa muda mrefu upande wao umeweka idadi ya mitumbwi inayoruhusiwa kwa kila kituo, kama Katwe ao Rwenshama, na tangu 2017 serikali ya Kampala imeweka jeshi kulinda uvuvi kwenye maziwa yake. Ulinzi huo ni mkali. Wavuvi wa Uganda wenyewe wameulalamikia: mitumbwi kuchomwa, watu kupigwa. Si raia wa Congo tu wanaouogopa. Lakini mvuvi wa Kyavinyonge anaona matokeo yake kwa macho. Anasema ng'ambo samaki ni wakubwa. Anavuka akijua anachofanya, hata kama mbele ya hakimu atasema alipotea.

Jambo hilo la mwisho halitajwi sana katika matangazo ya upande wetu, na linapaswa kutajwa. Wapo wanaopotea kweli, na wapo waliokamatwa ndani ya maji ya Congo. Malalamiko ya namna hiyo ni mengi mno kuwa uongo wote. Lakini wapo pia wanaovuka kwa makusudi kwa sababu huku hakuna kitu tena. Raia wa Uganda nao wamekamatwa mara kadhaa ndani ya maji yetu. Akikamatwa mtumbwi wa huku, wa kule atakamatwa juma linalofuata, na raia wa kawaida anakuwa mali ya kubadilishana.

Ugomvi huo uliwahi kufika kwenye risasi. Julai 2018 askari wa Congo na wa Uganda walipigana kwenye ziwa, na watu walikufa, askari na raia pia. Kila upande uliulaumu mwingine. Mwaka huohuo nchi mbili zilitia sahihi mapatano ya kusimamia pamoja uvuvi kwenye ziwa Edouard na ziwa Albert. Doria za pamoja, sheria zinazofanana, kubadilishana habari: yote yameandikwa. Mvuvi anayekamatwa leo hajui hata kama karatasi hiyo ipo.

Dai linalosikika zaidi pembeni ya ziwa ni maboya. Wekeni alama zinazoelea kwenye mstari, wavuvi wanasema, ili kila mtu ajue. Ni dai la haki. Mtu hawezi kufungwa kwa kuvuka kitu ambacho hakionekani. Maboya yangesaidia pia kuwazuia askari wanaokamata watu popote na kusema ni kwao.

Lakini kuamini kwamba maboya yatamaliza ugomvi ni kujidanganya, na mfano uko karibu, kwenye ziwa Victoria. Kenya na Uganda ziligombania kisiwa cha Migingo, jiwe dogo kuliko uwanja wa mpira, lililofunikwa na mabati ya wavuvi. Mwaka 2009 mambo yalichacha hata bunge la Kenya likapandwa na hasira. Wapimaji walipotumwa, ilionekana kisiwa kiko Kenya, na mpaka uko karibu mita 500 upande wa magharibi. Rais Museveni mwenyewe alikubali kwamba jiwe ni la Kenya, ila maji wanayovua Wakenya, alisema, ni ya Uganda. Kila mtu alijua mstari uko wapi, na ugomvi uliendelea, kwa sababu sangara walikuwa ng'ambo ya mstari.

Hali ni hiyo hapa. Boya litamwambia mvuvi wa Nyakakoma kwamba amefika mwisho. Halitamwambia atege wapi ili arudi na kitu. Jibu la swali hilo liko kwenye ghuba za upande wa Congo, na linataka mtu wa kuzilinda: kooperative yenye nguvu, walinzi wa mbuga ambao wavuvi hawawaoni kama maadui, na askari ambao hawauzi ruhusa. Mbuga imejaribu mara kwa mara. Mara kwa mara walinzi wameuawa kwenye ziwa na pembeni yake. Na tangu mwaka 2024 kazi imekuwa ngumu zaidi, kwa kuwa Vitshumbi iliingia mikononi mwa M23 huku Kyavinyonge ikibaki upande wa serikali. Ziwa moja, samaki walewale, na sasa mistari miwili.

Anayelipa yote hayo ni nani? Mara nyingi mwenye mtumbwi hayumo ndani ya mtumbwi. Yuko Butembo, ao yuko mjini Beni, amekodisha mota na nyavu. Mota peke yake ni zaidi ya dola elfu moja. Wanaokwenda majini ni vijana wanaolipwa kwa mafungu ya samaki: sehemu ya mwenye mtumbwi kwanza, mafuta, kisha kinachobaki kinagawanywa. Wakikamatwa, mwenye mtumbwi anapoteza mota, nao wanapoteza miezi ao miaka. Anapotoka gerezani kijana anakuta deni la mota linamngoja, kwa sababu wenye mitumbwi wengine wanamhesabia yeye. Na ili alipe deni, anarudi majini. Anakwenda wapi? Kule kwenye samaki wakubwa.

Mke wake naye ana hesabu yake. Wanawake wa pesheri, kama wenyewe wanavyoita vituo vyao, ndio wanaonunua samaki mtumbwi unapotua, wanaopasua, wanaotia chumvi, wanaopakia kwenye pikipiki kuelekea masoko ya milimani. Bila mtumbwi hakuna biashara siku hiyo. Wengine wametoa mtaji wote kuchangia pesa ya kumwachilisha mume ao kaka, na hawakupewa risiti na mtu yeyote.

Saa kumi na mbili za asubuhi wako pale pembeni ya maji, mabeseni mkononi, korongo wakubwa wakizunguka nyuma yao kungoja matumbo ya samaki. Mitumbwi inaonekana kwanza kama vidoa, kisha sauti ya mota inafika. Kabla ya kuuliza bei, wanahesabu.