Mlinzi Asiyelala Ndani ya Kompyuta

Mwalimu mmoja wa Isevya, Tabora, ameniandikia. Usiku kulikuwa na radi, akachomoa kompyuta yake ya mezani ukutani. Asubuhi akaichomeka, kitaa cha kijani kwenye mazabodi kikawaka, lakini akibonyeza kitufe, kimya. Fundi kamwambia mazabodi imekufa kwa radi. Mwalimu anauliza: maiti anawashaje taa?

Swali hilo lina akili kuliko jibu la fundi. Habari za soketi, plagi na swichi ya nyuma tuziache. Kitaa kikiwaka, hapo tumeshapita.

Kompyuta za zamani zilikuwa na swichi kama ya taa ya chumbani: ukiibonyeza, umeme unapita, ukiibonyeza tena, umekatika. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilileta mpangilio uitwao ATX, na tangu hapo kitufe hakikati wala hakiungi umeme wa TANESCO. Kazi yake ni kugusanisha pini mbili kwa nukta moja, basi. Kinabisha hodi. Sasa nani anaitikia hodi hiyo, nyumba nzima ikiwa imelala?

Kwenye pawa saplai kuna waya wa zambarau. Huo hubeba volti 5 usiku na mchana, alimradi plagi iko ukutani. Kitaa cha mwalimu kinakula humo. Jina la umeme huo kwa Kiswahili limenisumbua wiki nzima. “Umeme wa akiba” haufai, maana akiba haiguswi mpaka siku ya shida, na huu unatumika kila sekunde. “Umeme wa kusubiri” nao nimeukataa, na sababu iko hapo hapo Tabora. Msafiri Stanley alimwacha msafiri mwenzake Livingstone huko Kwihara, jirani na Tabora, tarehe 14 Machi 1872, na mzee akakaa mpaka 25 Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani. Huko ndiko kusubiri: umekaa, na wenye kukuondoa wako mbali. Waya wa zambarau haungoji mtu. Uko macho, sikio mlangoni. Nimeuita umeme mkesha. BAKITA wakipata jina bora nitalipokea, ila si la “kusubiri”.

Basi tuupe mkesha msafara wake. Tuko Kazeh, Tabora ya kale, ile waliyoifikia wasafiri Burton na Speke Novemba 1857. Msafara umelala kwenye nyumba ya tembe. Lango limefungwa, mizigo imepangwa uani, wapagazi wanakoroma. Mlinzi mmoja tu, ndiye umeme mkesha, yuko macho kando ya moto. Unabisha hodi. Mlinzi hapigi kelele. Anakwenda kwenye kamba iliyovutwa ikakaza kutoka langoni hadi chumba cha mkuu wa msafara, anailegeza. Kamba hiyo ni waya wa kijani. Pawa saplai huushikilia waya huo juu, volti 5 hivi, na bodi, iliyo macho kwa umeme mkesha, ikitaka kuiamsha huushusha hadi sifuri. Amri ya kuamka ni kulegeza, si kuvuta! Nilipolielewa hili mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Waya huo ukikatika, hakuna wa kuushusha, na mashine haijiwashi yenyewe usiku wa manane.

Ndipo wapagazi wanaamka. Wa volti 12 ndio wenye mizigo ya prosesa na feni. Wa volti 5 na wa volti 3.3 wana yao. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, na kirangozi, kiongozi wa msafara, mwenye busara hakuondoka wakati nusu ya watu bado wanafunga kamba. Pawa saplai nayo hungoja volti zote zitulie, kisha huongeza kati ya milisekunde 100 na 500, ndipo waya wa kijivu unapiga baragumu. Prosesa haiinui mguu kabla ya hapo. Kwa hiyo ukiona feni zinazunguka na kioo ni cheusi, huenda msafara umesimama uani, mizigo kichwani, baragumu halijalia.

Anayechoka mapema mara nyingi ni mlinzi mwenyewe, maana hapumziki. Kapasita zake hukaushwa na joto, zikavimba kichwa kama andazi. (Pawa saplai usiifungue kuzitafuta, ndani kuna kapasita kubwa inayoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikichomolewa.)

Lakini kwa mwalimu mlinzi alikuwa macho, kitaa kinasema. Kabla ya kuzika bodi ilibidi tujue kama hodi inafika. Nilimwambia achomoe kwenye bodi nyaya mbili za kitufe, halafu aguse pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Feni zikazunguka, baragumu likalia, Windows ikafunguka. Radi ilisingiziwa. Kilichokufa ni kitufe, kimejaa vumbi.

Amehamishia kwenye pini hizo nyaya za kitufe kidogo cha kuanzisha upya, kile ambacho hakuna anayekigusa. Sasa kompyuta anaiwashia hapo, na bodi mpya hakununua.