Unguja uende lini? Soma kabla hujachoma nauli

Kila mtu anauliza mwezi gani mzuri kwenda Unguja. Jibu liko kwenye upepo.

Desemba mpaka Machi unavuma kaskazi. Jua kali, bahari imetulia, ila bei ndo usiseme, hasa Krismasi na mwaka mpya. Februari kuna Sauti za Busara, vyumba vinagombaniwa. Machi mwishoni hadi Mei ni masika. Hoteli nyingine zinafunga kabisa, zilizobaki zinashusha bei. Kama huogopi kulowa, poa tu.

Juni hadi Septemba ni kusi. Joto linapungua, na Julai Makunduchi wanachapana migomba kwenye Mwaka Kogwa. Lakini boti inarushwa balaa! MV Skagit ilizama karibu na Chumbe Julai 18, 2012, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo. Wakisema safari imeahirishwa, usigombane na mkata tiketi. Lala Dar.

Kingine ambacho watu hawasemi: Paje na Jambiani maji yakitoka yanaenda mbali mno, hasa siku za bamvua. Unatembea wee hujafika pa kuogelea. Una siku mbili tu? Nenda Nungwi. Halafu angalia Ramadhani inaangukia lini, maana mchana migahawa mingi ya mitaani hufungwa.

Mimi nachagua Oktoba mwanzoni: kusi imepoa, vuli bado, bei inaongeleka. Wewe ulienda mwezi gani?