Je, wajua? Punda akisimama, ana sababu

Katika vijiji vingi vya mkoa wa Singida, punda ndiye gari la nyumbani. Asubuhi hutoka kisimani na madumu ya maji ubavuni. Msimu wa mavuno huvuta mkokoteni wa magunia ya alizeti. Maziwa ya Singidani na Kindai yako kando ya mji, lakini maji yake ni ya chumvi, hivyo ya kunywa hufuatwa kwingine.

Mwili wake unaiweza nchi kavu. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba punda alianza kufugwa Afrika, upande wa mashariki, miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Anaweza kupoteza maji yanayofikia robo ya uzito wake na bado akaendelea na safari. Akifika birikani, huyarudisha kwa dakika chache. Masikio yake marefu hupunguza joto la mwili. Mvua ndiyo humtesa, kwa kuwa manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya farasi.

Watu humwita mkaidi. Tazama anapofika kwenye mfereji asioujua: miguu ya mbele hukakamaa, masikio huelekea mbele, pua hushuka kunusa. Farasi akiogopa hutimua mbio. Punda husimama apime. Kwa mnyama aliyetokea kwenye nchi ya mawe na makorongo, kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Ukimchapa hapo unamthibitishia kwamba pana hatari. Mpe muda anuse, au mtangulize punda mwingine aliyezoea njia.

Elimu hiyo itamfaa pia mgeni anayekwenda kisiwa cha Lamu, Kenya. Vichochoro vya mji wake mkongwe ni vyembamba mno kwa gari, kwa hiyo mchanga, mawe ya kujengea na hata mizigo ya wageni hubebwa na punda. Ukikutana naye amesheheni, jibanze ukutani umpishe, wala usisimame nyuma yake. Kituo cha kuwatibu kimekuwapo Lamu tangu 1987.

Punda jike hubeba mimba takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Ndiyo maana biashara ya ngozi, zinazochemshwa China kutengeneza dawa ya asili iitwayo ejiao, ilitishia kuwamaliza. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakataza kuwachinja kwa ajili ya ngozi barani kote.

Sheria imewaokoa na kisu. Kuwaokoa na mzigo kupita kiasi ni kazi yetu. Methali ya punda afe mzigo ufike imewagharimu wengi. Wako akisimama njiani, weka fimbo chini, legeza kamba, kisha kagua kwato na mgongo kama kuna kidonda.