Kufunga na Kusimba: Ulinzi wa Taarifa Binafsi katika Mafaili ya Hesabu ya Vyama vya Akiba na Mikopo

Chama cha akiba na mikopo kinapohamisha hesabu zake kutoka daftarini hadi kwenye lahajedwali ya Excel, faili moja hubeba majina ya wanachama, nambari za vitambulisho, simu, akiba, madeni na wadhamini. Nchini Uganda, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 imeziweka taarifa za fedha katika kundi la data maalumu, sambamba na taarifa za afya na imani ya dini. Makala haya yanafafanua tofauti ambayo hupuuzwa mara kwa mara: kulifunga faili si kulisimba.

Excel ina njia mbili za kutumia nywila. Ya kwanza hulinda karatasi ya hesabu ili seli zisibadilishwe. Yaliyoandikwa hubaki jinsi yalivyo. Faili la aina ya xlsx ni furushi la matini zilizobanwa pamoja, hivyo anayelifungua kwa programu nyingine huweza kuyasoma yote na hata kuifuta amri ya ulinzi. Safu zilizofichwa nazo huwa zimo ndani: mhasibu anayeficha safu ya madeni kisha akatuma faili, ameyatuma madeni hayo pia.

Njia ya pili husimba faili zima. Tangu toleo la mwaka 2007, Excel hutumia mfumo wa AES, na bila nywila yaliyomo hayasomeki. Hata hivyo, nywila iliyo jina la chama hukisiwa upesi. Nayo nywila ndefu ikisahauliwa, huenda hesabu zote zikapotea. Kwa hiyo inafaa iandikwe, itiwe katika bahasha na kufungiwa kasikini chini ya viongozi wawili.

Zaidi ya hayo, kulisimba faili leo hakuzigusi nakala za jana zilizobaki kwenye flashi, barua pepe au simu ya katibu. Nakala rudufu ni za lazima, lakini kila moja yapaswa kusimbwa na kuorodheshwa, na isiyohitajika ifutwe.

Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa, sheria hiyo hukitaka chama kuiarifu mamlaka husika mara moja. Nywila hubadilishwa kwa dakika moja. Ila deni la mwanachama likishajulikana sokoni, siri hiyo hairudi.